Kanji zinanitoka kichwani, nifanyeje? Maswali yenu kuhusu kujisomea Kijapani

Habari za siku wadau. Toka niliposema hapa kwamba Kijapani nimejifunza mwenyewe nikiwa hapahapa Dar, bila darasa, maswali hayajakatika, kwahiyo leo nimechukua yale yanayorudi rudi nimeyafupisha kidogo ila maana ni ileile mliyoandika.

"Shikamoo kaka. Nimemaliza form six nasubiri chuo, nataka kuanza Kijapani. Naingia kwenye kanji moja kwa moja au hizi hiragana kwanza?" (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Hiragana kwanza, alafu katakana, hizi ni herufi za sauti tu, ndo uguse kanji, zile alama zilizotoka China zenye maana ndani yake. Hiragana na katakana kila moja ina herufi 46 za msingi na ukikomaa nazo wiki mbili tatu zinakaa. Sisi tuna bahati maana irabu zao ni a, i, u, e, o, hizihizi zetu, na silabi zao nyingi zinaishia kwenye irabu kama zetu, kwahiyo mdomo haukupi shida sana. Chunga urefu tu. Obasan ni shangazi au mama mdogo, obaasan ni bibi. Kite ni njoo, kitte ni stempu. Ukizembea hapo mwanzoni, huko mbele utatafuta neno kwenye kamusi halionekani na kumbe lipo. Na hizo wiki zikiisha acha kabisa kuandika Kijapani kwa herufi zetu za a be che, hata kama inakuchelewesha.

"Kanji ziko ngapi jumla? Mmoja kaniambia elfu mbili mwingine elfu hamsini."

Wote wako sahihi. Hizo elfu hamsini ni za makamusi makubwa kabisa, hakuna mtu anayezitumia zote. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, wenyewe wanaita joyo kanji, toka 2010 ina kanji 2136. Kati ya hizo 1026 zinafundishwa shule ya msingi kwa miaka sita, na darasa la kwanza wanapewa 80 tu mwaka mzima. Yaani mtoto aliyezaliwa na lugha yake anapewa mwaka kwa kanji 80, sasa wewe unajifunza usiku baada ya kazi alafu unajiita mzito kwa sababu mwezi umeisha una 60? Hapana ndugu yangu, 60 ni nyingi.

"Kinachonivunja moyo ni kanji moja kuwa na matamshi mengi. Hii 生 peke yake nimehesabu zaidi ya saba. Nayakariri vipi yote?" (Dada wa Arusha)

Usiyakariri dada yangu. Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote maana mimi lilinipotezea karibu mwaka.

Kwanza elewa imekuwaje. Wajapani walikuwa na lugha yao, maandishi hawana. Maandishi yakaja kutoka China, wakachukua alama pamoja na sauti yake ya Kichina, na hapohapo wakaibandika alama ileile kwenye neno lao wenyewe. Ndo maana kuna matamshi ya asili ya Kichina, on'yomi, na ya Kijapani chenyewe, kun'yomi. Na hiyo kukopa haikutokea siku moja, ilikuja kwa awamu na kutoka sehemu tofauti za China, ndo maana on'yomi nayo unaweza kuikuta zaidi ya moja.

Kama unaona ni maajabu, andika 20 kwenye karatasi. Sisi leo tunaisoma ishirini, neno la Kiarabu, ila kuna wazee walikuwa wanasema makumi mawili, la kwetu kabisa. Alama ni moja, haijabadilika hata nukta, inasomwa kivingine kutokana na neno lililo mdomoni. Kanji ni hivyohivyo.

Kwahiyo jifunze NENO, sio herufi. Usiandike kwenye daftari "生 = sei, shou, i, u, nama, ha…", hiyo orodha haina pa kushika. Jifunze 学生, gakusei, mwanafunzi. Jifunze 先生, sensei, mwalimu, hili hata waliofanya karate mtaani wanalijua. Alafu 生まれる, umareru, kuzaliwa. 誕生日, tanjoubi, siku ya kuzaliwa. Kufika hapo umeshapata matamshi matatu ya 生 na hujakariri hata moja, yamekuja na maneno. Siku ukikutana na neno jipya lenye 生 ndani kichwa chenyewe kitajaribu sei kwanza, na mara nyingi kitapatia.

Mfano mwingine ni 山. Peke yake ni yama, mlima. Ila mlima Fuji ni Fujisan, 富士山, na watu kibao wanadhani hiyo san ni ya heshima kama kusema Bwana Fuji, kumbe ni mlima tu, kwa sauti ya Kichina.

Na ukishafika kanji mia mbili tatu utaanza kuona kitu kizuri sana. Kipande 青 kinasomwa sei. Sasa angalia 晴, 清, 精, 請, zote zina hicho kipande upande wa kulia na zote zina sei kwenye on'yomi zake. Kipande cha kushoto kinadokeza maana (jua, maji, mchele, maneno), cha kulia kinadokeza sauti. Sio kanji zote ziko hivyo ila ni nyingi, na mi siku nilipoligundua hili nilisimama kabisa kitandani.

"Misamiati haikai. Nasoma maneno kumi jioni, asubuhi nina mawili."

Tumia Kiswahili chako. Watu wengi wanaojisomea wanapita kwanza kwenye Kingereza ndo waje Kijapani, wanazunguka bure. Nani kwa Kijapani ni nini, hiyo huisahau tena. Asa ni asubuhi. Mimi ni sikio, kwahiyo jishike sikio useme mimi. Hayaku ni haraka, na sisi tukimharakisha mtu si tunasema haya haya? Keshou ni vipodozi: kesho kuna harusi lazima watu wajipodoe. Cha ni chai, na hapo hata sio kubahatisha, neno lao na letu yote mizizi yake ni Kichina.

Alafu unaunganisha na kanji. Mimi inaandikwa 耳. Iweke ndani ya lango 門 unapata 聞く, kiku, kusikia. Mtu ametega sikio langoni. 男, otoko, mwanaume, juu ni shamba 田 chini ni nguvu 力, hiyo hata bibi yako kijijini ukimchorea ataielewa. 電話 ni umeme na mazungumzo, denwa, simu. Hadithi unayoitunga mwenyewe inashika kuliko ya kupewa, hata kama haina kichwa wala miguu.

"Natumia Anki, ile programu ya kadi za marudio, mwezi wa tatu huu. Leo marudio yamefika 640, naogopa hata kuifungua. Niifute nianze upya?"

Usifute. Kilichotokea ni hesabu tu. Anki ukiiacha ilivyo inakupa kadi mpya 20 kila siku, na kila kadi mpya inakudai marudio ya mbeleni, kesho, wiki ijayo, mwezi ujao, kwahiyo kadi 20 kwa siku zinaweza kukufikisha kwenye marudio karibu mia mbili kila siku. Mtu ana kazi, ana daladala mara mbili kwa siku, mia mbili atazitoa wapi? Umeumwa siku tatu umekwisha.

Fanya hivi. Weka kadi mpya ziwe sifuri. Kila siku fanya 70 au 80 basi, funga, lala. Ndani ya wiki mbili tatu mlima umeshuka. Ukirudisha kadi mpya weka tano, zikizidi sana nane. Mi nipo kwenye sita miaka minne sasa na sijawahi kukwama tena. Sita kwa siku ni zaidi ya elfu mbili kwa mwaka, hesabu mwenyewe.

Na ile kadi unayoikosa kila siku, Anki yenyewe ukiikosea mara nane inaipa jina ambalo kwa Kiswahili ni ruba, na unaweza kuipanga iisimamishe. Waliipatia jina maana inakunyonya muda. Usigombane nayo. Tafuta sentensi nyingine yenye neno hilo, tengeneza kadi mpya, endelea.

Kwa wasioijua, Anki aliitoa Damien Elmes mwaka 2006 akiwa mwenyewe anajifunza Kijapani, na jina lake ni 暗記, kukariri. Kwenye Android ni bure na ukishapakua kadi zako haili bando, kwenye iPhone ndo ya kulipia.

"Lazima niandike kwa mkono?"

JLPT, ule mtihani wa kupima kiwango chako cha Kijapani, hauna sehemu ya kuandika, ni kuchagua majibu tu toka N5, ngazi ya chini kabisa, mpaka N1 ya juu kabisa. Ila mi nakushauri uandike hata kanji mia tatu za mwanzo, kwenye daftari la hesabu lile lenye visanduku, na ufuate mpangilio wa mistari, juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Sababu ni hizi zinazofanana. 待つ ni kusubiri, 持つ ni kushika. Kwa macho tu utazichanganya mwaka mzima. Ukiziandika mkono unagundua 持 kushoto ina kipande cha mkono, na kushika ni kwa mkono, basi imeisha hiyo. 土 na 士, 未 na 末, tofauti ni mstari gani mrefu, na mkono unakumbuka hilo vizuri kuliko jicho.

"Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimeambiwa nikipata N4 nina kazi Japani moja kwa moja, kuna mtu ananidai hela ya kunishughulikia."

Kaka, shika hela yako kwanza. Ile viza ya wafanyakazi wenye ujuzi iliyoanza Aprili 2019 inataka N4 au mtihani mwingine unaitwa JFT-Basic, PAMOJA na mtihani wa ujuzi wa kazi yako, na inabidi uwe na mkataba na mwajiri. N4 peke yake haikupi kazi. Taratibu waulize ubalozi wa Japani, hawali mtu. JLPT kwa ukanda wetu huu huwa inafanyika Nairobi, Desemba.

"Sina Mjapani wa kuongea naye huku Kahama. Nafanyia wapi mazoezi ya kusoma?"

NHK World, shirika la utangazaji la Japani, wanatangaza kwa Kiswahili na wana masomo ya Kijapani yenye maelezo ya Kiswahili, anzia hapo. Ukishapata kanji mia tatu hivi ingia kwenye habari rahisi za NHK, zile kanji zake zimewekewa hiragana ndogo juu.

Ila Kijapani kipo mtaani kwenu, kimepaki. Hizi gari zetu nyingi zimetoka kule na zimekuja na maandishi yake. Mitsubishi ni 三菱, ile 三 ni tatu, ndo maana nembo ina almasi tatu. Subaru ni jina la zile nyota tunazoziita Kilimia, na nembo yake ni nyota. Kaa kwenye IST au Noah yenye skrini ya zamani usome vitufe: 目的地 unakoenda, 現在地 ulipo, 設定 mipangilio, 戻る kurudi nyuma. Ile sauti ya dada inayoongea ukiwasha gari, wengi wanaidhani ni salamu, anasema "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen", yaani kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Sentensi nzima ya bure kila asubuhi.

Na angalia stika kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mjomba wangu alinunua gari mwaka 2021, dashibodi inasoma kilomita elfu 48 na kidogo, kila mtu anamsifia kwa kupata gari lisilochoka. Nikafungua mlango nikaona kastika kadogo kamefifia, ile ya kubadilisha oili. Kameandikwa 次回交換, chini yake 平成27年, alafu kalamu ya mkono 62,000. 平成27 ni mwaka 2015. 交換 ni kubadilisha. Yaani kule Japani, miaka sita nyuma, walikuwa wanamkumbusha mwenye gari arudi kubadilisha oili ikifika elfu 62. Nilirudia kusoma kama mara tano, nikaenda kumwita mjomba. Aliyemuuzia hakuwa na la kusema, alirudisha sehemu ya hela.

Hiyo 次回, "mara ijayo", sikuwa nimewahi kujifunza kama neno. 次 nilikuwa nayo kwenye 次の駅, kituo kinachofuata, na 回 nilikuwa nayo kwenye 一回, mara moja.