Maswali ya Wasomaji: Mwanangu ndo mweusi peke yake darasani

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tulitoka kambini tukaletwa hapa Marekani, tupo mji mdogo wa mashambani, mahindi kila upande, shule ni moja tu. Wa pili yuko darasa la nne na ndo mweusi peke yake darasani. Wenzake wanamshikashika nywele. Mwalimu ni mpole, ila tukiitwa kikao mtoto mwenyewe ndo ananitafsiria, na anatafsiri anavyotaka, juzi kaniambia "mama, mwalimu anasema niko vizuri sana" wakati mkononi nimeshika karatasi ya maksi inayosema mengine kabisa. Sasa wamemuweka kundi la chini la kusoma eti Kiingereza chake bado. Nikilalamika naogopa tutaonekana wageni wenye fujo. Nifanyeje?
Mama wa Watatu

JIBU: Mama, huyo mtoto nimemcheka mpaka basi, manake nani atakubali kutafsiri kesi yake mwenyewe halafu ajifunge! Ila kosa si lake. Shule za umma huko zinapokea hela za serikali kuu, na kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964 zinatakiwa zikupe taarifa muhimu kwa lugha unayoielewa, bure, na mtoto si mkalimani. Watakwambia hapa hakuna mtu anayejua Kiswahili, sawa, lakini kuna wakalimani wa kwenye simu, mwalimu anapiga, anaweka spika mezani, mnaongea. Andika barua fupi kabla ya kikao: "Mimi mzazi wa fulani naomba mkalimani wa Kiswahili", weka tarehe, ubaki na kopi. Kopi ni muhimu kuliko hata barua yenyewe.

Hilo kundi la chini nalo usilinyamazie. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, ilisema kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule siyo usawa kama lugha haielewi. Kwa hiyo kusaidiwa Kiingereza ni haki yake, ila kujifunza lugha ni kitu kimoja na kuhesabiwa mzito wa akili ni kingine, na hapo ndo watoto wetu wengi wanapopotelea. Uliza amepimwa kwa mtihani gani, atapimwa tena lini, na hesabu anafanya na wenzake au nako kashushwa. Za nywele mwambie mwalimu aongee na darasa zima bila kumsimamisha mwanao mbele kama maonyesho.

Kuhusu kuogopa, mimi sikulaumu. Kule Clarendon, South Carolina, mashambani kabisa, miaka ya 1940 wazungu walikuwa na mabasi ya shule na weusi hawana hata moja, watoto wanatembea maili na maili. Wazazi wakachanga wakanunua basi kuukuu, likawa linakufa njiani kila mara, wakaomba wasaidiwe, wakanyimwa. Yakaanzia hapo, kwenye basi, yakafika mahakamani kwa jina la Harry Briggs, mmoja wa wazazi hao, na kesi yao ikawa mojawapo ya kesi tano za Mahakama Kuu zilizoua kisheria, 1954, ule ubaguzi wa kutenganisha weusi na wazungu mashuleni. Briggs kazi alifukuzwa, na mke wake pia, sikufichi. Ila wewe huombi hata basi mama, unaomba simu ipigwe.

SWALI: Kama ubaguzi ulikatazwa 1954, mbona shule nyingi za weusi vijijini huko Marekani bado ni choka mbaya?
Mwanachuo

JIBU: Kwa sababu kukataza ni siku moja, hela ni kila mwaka. Sehemu kubwa ya bajeti ya shule inatoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi ya pale pale, sasa kijiji ambacho weusi walinyimwa ardhi vizazi kwa vizazi utakikamua nini? Watu wa San Antonio walilipeleka hilo Mahakama Kuu, 1973 wakashindwa kwa kura 5 kwa 4, majaji wakasema katiba ya nchi haina haki ya elimu ndani yake. Tangu hapo wengi wanapambana jimbo kwa jimbo.

Na wapo waliokataa waziwazi. Prince Edward, Virginia, kaunti ya mashamba, badala ya kuchanganya watoto walifunga shule zote za umma kuanzia 1959 mpaka 1964, wazungu wakajifungulia ya binafsi. Mtoto mweusi aliyekuwa na miaka saba zilipofungwa alikuja kuzikuta wazi tena ana kumi na mbili, na wapo ambao hawakurudi kabisa.