Nimeambiwa nipeleke SR-22 na gari sina: nifanye nini?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Naishi Houston, Texas. Mwezi wa tatu mahakama ilinikuta na hatia ya DWI, kuendesha nikiwa nimelewa. Leseni imefungiwa, kampuni yangu ya bima imenikataa, na gari nimeliuza ili nimlipe wakili. Sasa nimepata barua ya DPS, idara ya Texas inayosimamia leseni za udereva, inataka SR-22. Kuna wakala anasema ataniuzia "bima ya SR-22" ya mtu asiye na gari, kwa bei nafuu. Mke wangu ana gari lake na bima yake. Nikinunua hiyo, naweza kuendesha gari la mke wangu kwenda kazini? Na mzigo huu nitaubeba hadi lini?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana. Nashukuru umeuliza kabla hujalipa, maana swali lako la gari la mke ndilo linalowaumiza watu wengi.

Kwanza, SR-22 si bima. Ni hati ambayo kampuni ya bima inaituma serikalini kusema: huyu tumemkatia bima, na siku ikikatika tutawaarifu. Kuituma kwenyewe ni ada ndogo, mara nyingi haifiki dola 50. Kinachopanda bei ni bima iliyo nyuma yake, kwa kuwa sasa unahesabiwa dereva wa hatari. Kwa Texas bima hiyo lazima ifikie angalau dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali ya watu.

Sasa gari la mke wako. Bima ya asiye na gari imetengenezwa kwa mtu anayeazima gari mara mojamoja. Gari lililopo nyumbani kwako, unaloshika ufunguo wake kila asubuhi, kwa kawaida haliingii humo. Tena kampuni ya mke wako ikijua kwamba unaishi naye, itataka jambo moja kati ya mawili: uongezwe kwenye bima yake na bei ipande, au asaini karatasi ya kukutoa kwa jina. Wengi husaini hiyo karatasi ili kuokoa pesa. Lakini akishasaini, siku ukiligusa gari lile ukagonga mtu, bima ya mke hailipi, na yako ya asiye na gari nayo hailipi. Una karatasi mbili za bima mkononi na deni la hospitali la mtu mwingine liko shingoni kwenu. Kwa hiyo, kama utaendesha gari lake, ongezwa kwenye bima yake, na hiyo kampuni ndiyo itume SR-22. Kama hutaligusa kabisa na utapanda basi au kupelekwa na wenzako, bima ya asiye na gari inakufaa kurudishiwa leseni. Chagua kwa kuangalia maisha yenu yalivyo. Bei ije baadaye.

Kuhusu muda: Texas ni miaka 2, na inahesabiwa tangu tarehe ya hukumu, si tangu siku uliyonunua bima. Majimbo mengi mengine ni miaka 3. Ukihama, usidhani umeiacha Texas nyuma. Bado inakudai, kwa hiyo mwambie wakala mpya mapema. Florida wao wana FR-44, hati kama SR-22 lakini ya makosa ya ulevi, na viwango vyake kwa mpangilio uleule ni dola 100,000, 300,000 na 50,000.

Jambo ninalokuomba ulishike zaidi ni kutoruhusu pengo hata la siku moja. Nilikuwa na mteja aliyebakiza mwezi mmoja tu. Kadi yake ya benki iliisha muda, malipo yakagoma, naye alikuwa safarini hakuona ujumbe. Kampuni ikatuma SR-26, ile hati ya kusema bima imekatika, na leseni ikafungiwa tena. Ilimuuma sana, nami pia. Ukibadilisha kampuni, mpya ianze ndipo ya zamani uifute.

Kampuni zikikukataa, usikate tamaa. Ukishakataliwa na mbili ndani ya siku 60, wakala yeyote mwenye leseni anaweza kukuombea kupitia TAIPA, mpango wa Texas wa kuwagawia madereva waliokataliwa kampuni za bima. Bei yake ni kali, lakini ni bima halali.

Kwa ndugu zetu wa malori: SR-22 hairudishi CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara. DWI ya kwanza inakufungia kuendesha lori kwa mwaka mmoja, hata kama ulikamatwa na gari lako dogo.

Kabla hujampigia wakala, chukua karatasi ya hukumu uandike tarehe yake, uongeze miaka 2, halafu umlipe DPS dola 100 za kurudishiwa leseni. Tarehe hiyo ikifika, nipigie tutafute bei upya, kwani kampuni haitashusha yenyewe, na nyingi huangalia makosa ya miaka 3 hadi 5 iliyopita.