Pete ya zamani yenye nakshi: usiisugue kwanza

Ndugu, umeuliza pete uliyoichimbua ni ya madini gani na uisafishe kwa kutumia kitu gani. Kabla ya yote ipige picha pande zote, hata ndani, pamoja na rula. Kisha tazama rangi ya kutu. Kijani ni dalili ya shaba, au fedha iliyochanganywa na shaba nyingi. Weusi mara nyingi ni fedha. Dhahabu safi hutoka udongoni iking'aa vilevile. Ndani ya pete tafuta mhuri kwa kioo cha kukuzia: 925 ni fedha, 585 au 750 ni dhahabu. Usipouona usikate tamaa, pete nyingi za kale hazikupigwa mhuri.

Kusafisha: maji yaliyochujwa kabisa madini (yale ya betri yanafaa, mradi si asidi), brashi laini na kijiti cha mbao. Loweka, ondoa udongo taratibu, kausha vizuri. Ikiwa kuna jiwe au lulu, usiloweke kabisa. Nakuomba sana, usitumie ndimu, siki wala dawa ya meno! Weusi ulio ndani ya nakshi huenda fundi aliujaza makusudi ili michoro ionekane, na ukishatoka haurudi. Vilevile kijani kigumu chenye uso laini kinailinda shaba, kiache. Kikiwa cha ungaunga na kinazidi kuenea, iweke pakavu kabisa na umwone mhifadhi wa makumbusho.

Tuwekee picha ya nakshi kwa karibu, umbo lake ndilo litakalotusaidia kukisia umri.