Maswali ya Wasomaji: Nyongeza ya Mwaka na Namba Iliyo Mbele ya Daraja Lako

SWALI: Mhariri, nafundisha sekondari kwa shahada. Julai nimetoka TGTS (ngazi za mishahara ya walimu serikalini) D.3 nikaingia D.4. Mwenzangu tuliyeajiriwa naye pamoja yuko E.1. Je, nikisubiri nyongeza za kila mwaka nitafika E?
*Mwalimu, Songea*

JIBU: Hapana, Mwalimu. Herufi ni daraja, namba ni hatua ndani ya daraja hilo. Nyongeza ya mwaka hutolewa tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha wa Serikali unapoanza, nayo husogeza namba peke yake, hatua moja. Herufi hubadilishwa na kupandishwa cheo. Hilo lina barua yake, linahitaji nafasi iliyotengewa fedha kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), na tathmini yako ya utendaji, ambayo siku hizi hujazwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS badala ya ule wa zamani wa OPRAS. Siku utakayopanda utaanzia E.1, uwe umetokea D.4 au D.8. Mwenzako amepandishwa cheo. Hajapewa nyongeza kubwa kuliko yako.

Lipo na jambo la tatu linalowachanganya wengi: marekebisho ya viwango. Mei Mosi 2025 ilitangazwa kuwa kima cha chini serikalini kitapanda kutoka Sh 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Jedwali linapoandikwa upya hivyo, kiasi kilicho mbele ya hatua yako hubadilika hata kama wewe hujasogea. Kwa hiyo mshahara ukiongezeka Julai, usitazame shilingi kwanza. Tazama namba.

Wala usihesabu hatua kwa miaka ya kazi. Nyongeza hizi zilisimama kwa miaka kadhaa hadi Rais alipotangaza kuzirudisha Mei Mosi 2023, ndiyo maana wapo watumishi wenye miaka mingi kazini na namba ndogo. Ni pigo la kweli, kwa sababu mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hukokotolewa kwa wastani wa mishahara bora ya miaka 3, na hatua iliyokosekana hushusha wastani huo.

SWALI: Mshahara wangu umetoka 820,000 kwenda 840,000, lakini benki nimeona ongezeko la 10,250 tu. Nimeibiwa?
*Mtumishi wa halmashauri, Kahama*

JIBU: Hujaibiwa. Makato yako karibu yote ni asilimia ya mshahara, kwa hiyo kila shilingi inayoongezeka nayo hukatwa. Chukua ile 20,000 peke yake. PSSSF 5% ni 1,000. Kodi ya mapato hutozwa baada ya kutoa mchango huo, na sehemu ya kipato iliyo kati ya 760,001 na 1,000,000 hutozwa 25%. Basi 25% ya 19,000 ni 4,750. Bima ya afya ya NHIF 3% ni 600. Chama cha wafanyakazi 2% ni 400. Inabaki 13,250. Ukiwa na mkopo wa elimu ya juu, HESLB (Bodi ya Mikopo) huchukua 15% ya mshahara wa msingi, yaani 3,000 zaidi. Hapo ndipo inapotokea 10,250 yako. Rejesho la mkopo wa benki halibadiliki kwa sababu ni kiasi kilichopangwa.

Angalia pia kwamba nyongeza ndani ya daraja moja ni kiasi kilekile cha shilingi. Kwenye 820,000, Sh 20,000 ni kama 2.4%; ukifika 960,000 ni 2.1% tu. Mfumuko wa bei nchini mwaka 2024 ulikuwa 3.1%. Nyongeza peke yake haikuvushi. Fuatilia kupanda daraja.

SWALI: Julai imepita, namba yangu haikusogea. Nianzie wapi?
*Muuguzi, Babati*

JIBU: Weka hati ya mshahara ya Juni na ya Julai pamoja, usome mstari wa daraja na hatua. Kama uko hatua ya mwisho ya daraja lako, hakuna namba ya kwenda. Dai lako ni la cheo, si la nyongeza. Kama unalipwa mshahara binafsi (ule wa zamani ulioachiwa) baada ya kubadilishwa kada, yaani aina ya kazi, muulize Afisa Utumishi hatua yako halisi ni ipi kabla ya kudai chochote.

Vinginevyo, kosa huwa kwenye taarifa zako za kiutumishi: mara nyingi hatua au cheo kilichoingizwa hakifanani na barua yako. Andika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wako wa kituo, uambatishe barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho na hati hizo mbili. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kana kwamba hukuandika.

Dai na malimbikizo katika barua hiyohiyo, ukiyahesabu mwenyewe. Tofauti ikiwa Sh 20,000 na marekebisho yakaingia kwenye mshahara wa Desemba, unadai Julai hadi Novemba, miezi 5, Sh 100,000 kabla ya makato.