Zile milimita 3000 za Nikon P1000

Unauliza kama lenzi ya kamera ya Nikon P1000 inafika kweli milimita 3000 za kuvuta vitu vya mbali? Hapana, lenzi yenyewe inaishia milimita 539. Soma ule mduara wa mbele, imeandikwa 4.3-539mm. Hiyo 3000 ni ulinganisho tu na kamera za filamu ya 35mm, kwa kuwa sensa yake, kile kipande kinachonasa picha, ni ndogo mno, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ila simba wa mbali anajaa kwenye picha kweli, hapo hujadanganywa. Shida ni mwanga: ukivuta hadi mwisho unabaki na f/8, yaani tundu dogo la kupitisha mwanga, jioni ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inapanda na manyoya kwenye picha yanageuka uji. Na mchana wa jua kali pale mbuga ya Mikumi, joto linalopanda ardhini linaichezesha picha hata ukiweka stendi. Nenda kupiga picha alfajiri.