Kitanda cha kichanga cha ubavuni: anza na godoro lenu, malizia na chandarua

SWALI: Shikamoo sista. Mimi na mke wangu tunaishi Buhongwa, Mwanza, chumba cha kulala ni futi kumi kwa kumi, kitanda chetu ni tano kwa sita na godoro la inchi nane. Ana mimba ya miezi saba, ndiyo uzazi wetu wa kwanza. Kwenye duka la mitumba nimeona kitanda cha kichanga cha kuunganishwa na kitanda cha wazazi, upande mmoja unashuka. Fundi seremala jirani yetu anasema kwa bei hiyohiyo atanitengenezea cha mninga, na kwamba ataweka magodoro "levo moja" ili mtoto ajisogeze mwenyewe kwenda kunyonya. Mama mkwe anakuja kutoka Sengerema, na yeye anasema mtoto alale katikati yetu kama walivyolala wenzake wote. Nichukue kipi?

JIBU: Marahaba, baba kijacho, na hongereni. Chukua cha fundi, ila si kwa hiyo levo moja yake. Nami nitakuomba uazime futi kamba kabla hujalipa hata shilingi, maana vitanda hivi huharibikia kwenye vipimo.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu ndiye atakayekuwa chumbani wiki za kwanza. Kwa nusu ana haki. Mtoto akilala mkononi mwa mama hunyonya mara nyingi zaidi, na maziwa hutoka vizuri. Hata Shirika la Afya Duniani linataka mama na kichanga wasitenganishwe mchana wala usiku, na madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi sita ya mwanzo, ila juu ya godoro lake mwenyewe. Tatizo ni lile "katikati yenu". Godoro la sponji la watu wazima linadidimia, kuna mito miwili, kuna blanketi, na kuna mwanaume mwenye usingizi mzito. Siku ukipitia bia mbili Nyegezi, au mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5, hatari inaongezeka sana. Mweleze mama kwa upole kwamba mtoto atakuwa umbali wa mkono mmoja, na kwamba akilia, bibi ndiye atakayemsikia kabla yenu.

Sasa vipimo. Mafundi wengi hudhani uzuri wa kitanda hiki ni magodoro kuwa sawasawa, na mimi niliamini hivyo nilipokuwa na mtoto wangu wa pili. Fundi aliniunganishia kitanda kizuri, levo kama meza. Kati ya magodoro palibaki mwanya wa vidole vitatu, nikaujaza kwa kanga niliyoikunja. Nilikuwa mkunga tayari, nafundisha wenzangu wodini! Usiku wa nne niliamka nikakuta kanga imeshuka, na uso wa mwanangu umeelekea kwenye mwanya. Hakudhurika, lakini tangu siku hiyo sijazi mwanya wowote kwa nguo, na siruhusu mtu aujaze.

Kitanda salama cha ubavuni hubaki na ukingo upande ule wa wazi. Ukingo huo unasimama sentimita 12 hivi juu ya godoro la mtoto, na ncha yake ya juu ndiyo inayolingana na godoro la mama. Kwa hiyo godoro la mtoto linakaa chini kuliko lenu. Mama anapitisha mkono juu ya ukingo na kumwinua. Mtoto habiringiki kuja kwenu, na shuka lenu haliteremki usoni kwake. Habari ya mtoto kujisogeza kwenda kunyonya kila usiku ni hadithi ya fundi. Ataletwa.

Fanyeni hivi. Mke wako alale pale anapolala siku zote, wewe pima kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, pembeni yake, uzito wake ukiwa juu. Usipime godoro likiwa tupu. Tuseme chaga zenu ziko sentimita 35 kutoka sakafuni. Godoro la inchi nane ni sentimita 20, jumla 55, na akilala linadidimia 3: unabaki na 52. Hapo ndipo ncha ya ukingo. Toa 12, uso wa godoro la mtoto uwe kwenye 40. Godoro lake likiwa na unene wa sentimita 6, ubao wa chini wa kitanda chake unakaa kwenye 34. Hizo ni namba za mfano. Zenu mtazipata nyumbani. Mkinunua godoro jipya baadaye, pimeni upya.

Halafu kuna ubavu wa kitanda chenu, ambao watu husahau kabisa. Vitanda vingi vya mafundi wetu godoro huzama ndani ya fremu, na mbao za ubavuni zina unene wake. Ukisukuma kitanda cha mtoto mpaka kiguse mbao, bado kiko mbali na godoro kwa unene ule, na hapo juu ya mbao panabaki mtaro. Dawa yake ni ya useremala: fundi aiingize miguu ndani kidogo, ili sanduku la mtoto litokeze juu ya ubavu wa kitanda chenu na ukingo ubane godoro lenyewe. Godoro lenu nalo mlisukume lije upande wa mama. Nafasi itakayobaki upande wa ukutani ni yako, utajua mwenyewe cha kuifanya.

Kisha vifungwe. Mikanda miwili imara, mmoja kichwani mmoja miguuni, ipite chini ya godoro lenu na kufungwa kwenye fremu ya upande wa pili. Usiifunge kwenye chaga moja, chaga zinateleza. Ikishakazwa, kaa kitandani usukume kwa goti kwa nguvu. Kikisogea, bado. Kila jioni mama apitishe mkono kwenye ungio kabla ya kumlaza mtoto.

Kuhusu mtumba ule: mimi ningeuacha. Hivi vitanda hutengenezwa kwa mikanda na vifungio vyake maalumu, na vinapofika kwetu mara nyingi kuna bolti moja haipo au mkanda umepotea, muuzaji anakuambia "utatafuta kamba". Tena angalia upande unaoshuka. Kama ni kile kitanda kikubwa cha watoto ambacho upande wake unateleza juu na chini kwenye reli, Marekani walipiga marufuku kuviuza mwaka 2011, kwa sababu vifungio vilichoka, upande ukaachia, na watoto wakanaswa kwenye upenyo. Siwezi kukuambia ulichokiona ni cha aina hiyo, ila wewe ukikitikisa na kikalia, kiache hapo.

Kwa fundi, agiza ndani sentimita 50 kwa 90. Pande tatu zilizobaki zipande angalau sentimita 30 juu ya godoro. Nondo za mbao ziachane kati ya sentimita 4.5 na 6. Kipimo cha mtaani ni soda ya kopo: isipite popote. Skrubu na bolti, misumari hapana, na vichwa vizamishwe. Mninga ni mzuri na haujipindi, ingawa kwa kitanda cha kichanga hata paina iliyokauka sawasawa inatosha, ile ya Rubya kule Ukerewe kwa mfano, na ni nyepesi kusogeza wakati wa kudeki. Mkaratusi mbichi ukatae, utapasuka. Pigeni msasa mpaka kanga ikipita isinase uzi. Kama ni vanishi, kitanda kikae nje kivulini wiki tatu kabla mtoto hajazaliwa. Una miezi miwili, usimpe fundi oda wiki ya mwisho. Rangi ya zamani iliyobaki stoo asiitumie, inaweza kuwa na sumu ya madini ya risasi.

Godoro likatwe kwa kipimo cha ndani, lijae pande zote. Ukiweza kupitisha vidole viwili pembeni, ni dogo. Liwe gumu. Ligandamize kwa kiganja uachie: likibaki na alama ya mkono, mwachie mwenye duka. Vua nailoni ya dukani. Mpira wa kitanda uvutwe ukazwe chini ya shuka, shuka nalo libanwe chini ya godoro, basi. Mto, midoli na yale magodoro ya kuzungushia pembeni, ambayo Marekani wameyapiga marufuku tangu 2022, vibaki kwa walionunua. Mtoto alazwe chali kila mara, usiku na mchana. Uingereza walipoanza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilishuka kwa zaidi ya nusu. Bibi ataogopa kwamba akicheua atapaliwa. Mwambie akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na maziwa yakipanda humezwa au kutemwa. Joto lake pimeni shingoni kwa nyuma, si viganjani, maana viganja vya kichanga huwa vya baridi hata kama anatoka jasho. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata ikinyesha usiku kucha.

Nimebakiza chandarua, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa ndicho kinachovuruga mpango mzima. Kitanda chenu kina upana wa sentimita 152. Ongeza cha mtoto pamoja na mbao zake, tuseme 56, unapata 208. Chandarua mlichopewa kliniki kimeshonwa kwa kitanda kimoja. Kipime upana wa juu, na kama ni 180 hakitafunika vyote viwili na kubaki cha kuchomeka. Nimeona nyumba mtoto yuko nje ya neti, wazazi ndani, na nimeona neti iliyoshushwa katikati ya mama na mtoto, kila saa inafunuliwa, mbu wanaingia pande zote.

Kile cha duara kinavutia kwa sababu chini ni kipana, ila kinashuka kwa mshazari, na kwenye ukingo wa nje kitamgusa mtoto. Mbu anauma kupitia neti iliyogusa ngozi. Bora cha pembe nne. Tafuteni kikubwa kinachofika futi saba kwa upana na zaidi, au mpelekee fundi cherehani viwili vya dawa aviunganishe, na kamba za pembe zifungwe ukutani, si kwenye kitanda. Kikiwa kipya kianikeni kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Kichomekeni chini ya godoro lenu upande mmoja na chini ya godoro la mtoto upande wa pili, kivutwe kisimame wima nje ya nondo, kisininginie ndani. Vile vyandarua vya mwavuli vinavyouzwa barabarani vina kazi yake mchana sebuleni, lakini vingi havina dawa na ndani ya kitanda hiki havikai vizuri.

Chumba kitatosha. Futi kumi ni sentimita 305. Kitanda chenu kikiegemea ukuta na wewe ukalala huko ukutani, toa 208, unabaki na karibu mita moja ya kupita. Kama bajeti inakataa, fundi atengeneze kitanda cha kawaida chenye pande nne za kudumu, mkiweke palepale karibu na mama. Upande wa wazi unampunguzia mama kuinuka, hasa akijifungua kwa upasuaji, lakini kinachomlinda mtoto ni godoro lake mwenyewe na kuwa jirani nanyi.

Na muulize fundi jambo moja ambalo mtumba hautakupa. Matumizi haya ya ubavuni yanakoma mara mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono au kujaribu kukaa, kwa wengi ni miezi mitano hadi sita, wengine huwahi. Fundi akitoboa matundu ya bolti ya pili chini zaidi, na akawatengenezea upande wa nne wa kufunga, siku hiyo mtashusha ubao wa chini mpaka pande ziwe sentimita 50 juu ya godoro, mtafunga upande wa nne, na kitanda kilekile kitahamia pembeni ya chumba. Kwa hiyo mwambie tangu sasa aache miguu na nguzo ndefu za kutosha, kwa sababu akishakata hawezi kuzirudisha.