Roboti Ikumbushe, Lakini Isimkatize Mzee

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa kama kazi ya kuwapunguzia wazee mzigo wa akili, yaani wa kukumbuka na kupanga mambo ya kila siku, ikabidhiwe roboti au ibaki kwa binadamu. Ninajibu nikiwa Mkenya ninayehudumia wazee majumbani mwao katika jimbo la New York, Marekani. Mwaka 2022 ofisi ya jimbo hili inayoshughulikia wazee ilitangaza kwamba zaidi ya wazee 800 wangepelekewa ElliQ, roboti ya mezani ya kampuni ya Intuition Robotics kutoka Israeli. Haina mikono wala miguu. Ina kichwa kinachogeuka na kuwaka taa, tena huanzisha mazungumzo yenyewe, hukumbusha dawa na kumjulia mzee hali.

Vifaa vya namna hii naviunga mkono kwa dhati. Mzee aliyekwisha kumuuliza mwanawe mara kadhaa leo ni siku gani huona haya kuuliza tena, na haya hiyo humchosha, ilhali mashine haiguni wala haikunji uso.

Hata hivyo, kukatizwa huwachosha wazee sana, pengine kuliko kusahau kwenyewe, kwa kuwa umri unaposonga huwa vigumu zaidi kuliendeleza jambo lililoachwa katikati. Mama mmoja ninayemhudumia hupanga mwenyewe dawa zake za wiki katika kisanduku chenye vyumba saba, kwanza ya presha, kisha ya sukari. Siku moja alipofika chumba cha Alhamisi, kifaa cha kukumbusha alichonunuliwa na wanawe kikamwambia anywe maji. Alikijibu kwa adabu, na aliporudisha macho kisandukuni hakujua tena kama Alhamisi ilikwisha kupata ya sukari, akamwaga vidonge vyote mezani na kuanza upya. Mhudumu aliye makini angenyamaza hadi kifuniko cha mwisho kifungwe, ingawa nasi tuna kosa letu, la kumuuliza mzee kwa pumzi moja atakula nini na nguo zifuliwe lini.

Kwa hiyo nashauri saa za ukumbusho zipangwe na mzee mwenyewe akiwa na mtu anayeijua siku yake ilivyo, na zibadilishwe desturi zake zinapobadilika. Wanaosimamia huduma nao wasizipunguze saa za mhudumu eti kwa sababu roboti imefika, maana huyo ndiye atakayegundua kwamba ukumbusho wa saa nne asubuhi unamkuta mama akihesabu dawa.